Mtoto Amepimwa Uzito. Je, Mama Naye Aulizwe?

Nchini Tanzania mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18, na katikati hurudishwa kupimwa uzito. Sidhani kama kuna huduma nyingine ya serikali inayokutana na mama aliyejifungua mara nyingi kiasi hicho, na ndiyo maana hoja ya kwamba muuguzi amuulize hapo hapo kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ina uzito. Mtoto wa miezi 3 hawezi kueleza linalomsumbua. Utulivu wa akili yake hujengwa kwa kuitikiwa anapolia, kutazamwa usoni na kusemeshwa, mambo ambayo mama aliyelemewa na sonona huweza kuyakosea nguvu hata kama anamnyonyesha kwa wakati na kumvika vizuri. Dodoso la Edinburgh, la kutambua dalili za sonona kwa mama aliyejifungua, lipo tangu mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, la mwisho likiuliza kama wazo la kujidhuru limempitia.

Swali hilo la mwisho ndilo linalowapa wapinzani hoja yao nzito. Mama akikubali, huku wenzake wamebanana naye kwenye benchi na muuguzi ana foleni hadi nje, atapelekwa wapi? Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, imegeuzwa mzaha wa mitaani, na rufaa yoyote ya akili hunuka mzaha huo. Tena, kwa mama anayepigwa au anayelala njaa, dodoso linaweza kuyapa masaibu yake jina la ugonjwa na kuishia hapo. Wengine husema arubaini inatosha: mzazi hukandwa, hunyweshwa uji, mtoto hubebwa na bibi. Inatosha akiwapo bibi. Aliyepanga chumba mjini, mbali na kwao, mara nyingi hubaki na mume ambaye sheria ya kazi inamhakikishia likizo ya uzazi ya siku 3 tu.

Jaribio lililofanyika vijijini Pakistan na kuchapishwa mwaka 2008 linazigusa pande zote mbili. Wahudumu wa afya wa vijijini, wasio wataalamu wa akili, waliwatembelea mama wenye sonona mara 16 tangu mwishoni mwa ujauzito kwa mazungumzo ya kuwasaidia. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa wasiopata mazungumzo hayo. Watoto wa waliopata mazungumzo walichanjwa zaidi, waliharisha mara chache zaidi na kuchezeshwa zaidi na wazazi. Lakini uzito na urefu wao, vipimo vilivyolengwa hasa, havikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika.

Kwa hiyo mpango huu usinadiwe kama dawa ya udumavu. Naunga mkono mama aulizwe, ila kwanza pale ambapo mhudumu wa afya ngazi ya jamii amefundishwa, analipwa, na anaweza kufika nyumbani kwake ndani ya wiki hiyo hiyo. Kwingineko, mafunzo yatangulie dodoso.