Virunga si makao ya gorila peke yao

Ninamshukuru mwandishi kwa habari yake kuhusu gorila wa milimani, lakini sisi wakaaji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tunasikitika kuona Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ikielezwa kana kwamba inaishia kwenye miteremko ya Mikeno, mlima wanakoishi gorila hao. Hifadhi hiyo inaanzia karibu na mji wetu, kwenye mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, inapita uwanda wa Rwindi na Ziwa Edward, kisha inapanda hadi kwenye barafu ya Ruwenzori, zaidi ya mita 5,000 juu ya bahari. Upande wa kaskazini anaishi okapi, ambaye porini hapatikani nje ya nchi yetu.

Kinachoniuma zaidi ni viboko, ambao habari hiyo haikuwataja hata mara moja. Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 20,000, lakini katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000, kwa sababu watu wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku, na kinyesi anachoacha majini hurutubisha vijimea vinavyolisha tilapia. Kwa hiyo kupungua kwao kunamgusa mvuvi wa Vitshumbi, kijiji kilicho kando ya Ziwa Edward, na vilevile mama anayeuza samaki hao hapa Goma. Ningeomba wavuvi hao nao wahojiwe, kwani ziwa hilo wanalijua vizuri.