Somo la mbu lianze na kukagua mapipa

Muulize mwanafunzi wa darasa la tano namna ya kujikinga na malaria, atakumiminia majibu bila kupumua: kulala kwenye chandarua, kufukia madimbwa, kufyeka majani. Mtihani atafaulu. Sasa mwambie akuoneshe mbu wa homa ya dengue anazaliwa wapi hapo shuleni, uone atakavyokutumbulia macho.

Dar es Salaam ilipigwa na dengue mwaka 2014, ikapigwa tena 2019. Mbu wake, Aedes, hahangaiki na dimbwi la matope. Anapenda maji yaliyotulia kwenye pipa, tairi bovu, kifuu cha nazi au kopo la rangi. Anauma mchana, watoto wakiwa darasani, chandarua kiko nyumbani. Mayai yake anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na hata yakikauka yanavumilia miezi kadhaa yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi, chombo kisuguliwe. Hilo la kusugua ndilo ningelitungia swali la mtihani.

Na kwa nini mapipa yamejaa kila uani? Kwa sababu maji ya bomba ni ya mgawo. Makopo yamezagaa kwa sababu gari la taka halikupita. Somo likifika hapo, mtoto anaona kwamba mbu wa mjini tunamfuga wenyewe, na wanaomfuga si akina mama wenye ndoo tu. Ndiyo maana nataka mada hii itoke kwenye sura ya magonjwa, ifundishwe pamoja na maji, taka na mazingira.

Tiba zenyewe nazo zijadiliwe. Kuna wanaomwaga oili chafu kwenye madimbwa. Inaua viluwiluwi, sawa, lakini inaua pia watoto wa kereng'ende wanaowala, kisha inanywea ardhini. Kule Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje za polistirini, plastiki nyepesi, kwenye vyoo vya shimo ili zielee na kumzibia njia mbu wa Culex, anayeeneza matende. Pamoja na dawa za kumeza, maambukizi yalishuka sana. Je, ilikuwa halali kutupa plastiki chooni? Mimi naona ndiyo, maana zilibaki shimoni. Kidato cha pili wabishane.

Wengine watasema maabara hakuna. Sahani nyeupe na jua vinatosha. Viluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa Aedes na Culex huning'inia kichwa chini, wakipumua kwa mrija. Mtoto anawatofautisha kwa macho yake.

Ila kazi hii ya kukagua mapipa ipewe kipindi chake cha sayansi, isigeuzwe adhabu ya waliochelewa namba.