Sakafu Iliyotufungia Chumbani

Aliyegundua kwamba sakafu yetu ina walakini ni mwanangu wa miaka sita, tena wala hakuwa anachunguza. Alikuwa anacheza gololi chumbani kwetu. Kila akiiweka mlangoni, gololi inajiendea yenyewe, inakata kona mbele ya kabati, inakwenda kutulia kwenye pembe ya dirisha. "Baba, chumba kinateremka," akasema. Nikamwambia akachezee nje.

Nilikuwa na mambo makubwa siku hiyo. Mbao za mwaloni mtupu, unene milimita 20, zilikuwa zimerundikwa sebuleni zikiwa bado kwenye plastiki zake, nami nilishatazama video za kutosha kujiona fundi. Mwaloni mtupu, jamani, si zile mbao za kubandikwa ngozi ya mti juu! Wiki ile nilitamka "mtupu" mpaka mke wangu akaomba tubadilishe mazungumzo.

Mbao zilikuja na karatasi yenye masharti kama ya mganga. Zege liwe limekauka. Liwe sawa, lisipishane zaidi ya milimita 3 katika mita 2. Mbao zifunguliwe zikae chumbani humo si chini ya wiki nzima, zizoee hewa. Halafu kuzunguka kuta zote iachwe nafasi ya milimita 12, mbao zipate pa kutanukia.

Nikalaza pima maji ya mita 2. Kidole changu kidogo kikapita chini yake bila kupiga hodi. Milimita 14! Katikati ya chumba palikuwa na nundu, na kila upande wa nundu bonde. Gololi ilikuwa imesema kweli tupu.

Mtu mwenye akili zake angesaga nundu na kujaza mabonde. Mimi nikasema nitajazia gundi. (Gundi hushika, haijazi, hilo nilikuja kulijua baadaye.) Mbao nikazipa usiku mmoja wa kuzoea hewa, maana hata mimi mgeni huzoea nyumba za watu kwa usiku mmoja. Kuhusu ile nafasi ya ukutani, nikaona ni dharau: ninunue mwaloni mtupu halafu niache ufa? Ubao wa mwisho ulikataa kuingia. Nikauingiza kwa nyundo, kwa magoti, na kwa maneno yaliyofanya mke wangu aje kuufunga mlango.

Ilipendeza kwa siku mbili. Kisha ikaanza kusema.

Ubao uliolala juu ya bonde hauna kitu chini. Ukiukanyaga unazama kidogo, ulimi wake, ule ukingo uliochomoza ubavuni, unasugua kwenye mfereji wa mwenzake, na wote wawili wanalalamika. Wa kitandani ulisema "nyiii". Wa kabatini, "kwee". Wa mlangoni ulikohoa. Mke wangu akazikariri sauti zote, na hapo ndipo yalipoanza mateso yangu, kwa sababu alikuwa amenipiga marufuku kula usiku tangu suruali zangu zigome kufunga. Saa saba usiku nanyanyuka taratibu, napiga hatua. Nyiii. Nasubiri. Napiga nyingine. Kwee. Sauti inatoka gizani: "Umefika kabatini. Rudi."

Nikajifunza kuruka, kanyaga hapa, epa pale, kwa vidole vya miguu, gizani. Nimevunja kucha moja kwa mtindo huo na sikuthubutu kupiga kelele.

Mvua zikaanza. Ubao ukinywa unyevu hautanuki kwa urefu, hutanuka kwa upana, na hutanuka kidogo sana. Nusu milimita, tuseme. Ila zangu zilikuwa mbao 30, zimebanana ukuta kwa ukuta kama abiria. Kuta hazikusogea. Mbao zikabaki na njia moja tu, juu.

Usiku wa manane tukasikia paa! Mke wangu akadhani mwizi. Ilikuwa gundi inaachia. Kulipokucha tukakuta mwaloni umenyanyuka mbele ya mlango, paka angepita chini yake bila kuinama. Mlango wetu hufunguka kwa ndani. Dirisha letu lina nondo. Mke wangu alikuwa na kikao saa mbili asubuhi.

Sitaeleza alivyonitazama.

Nikampigia fundi yuleyule niliyemwambia miezi miwili nyuma kwamba bei yake ni ya kunyonyana. Akaja, akasimama dirishani.

"Bosi, ukutani uliacha nafasi kiasi gani?"

Nikawa natazama dari.

"Mjibu," akasema mke wangu.

"Sikuacha."

Kichwa cha fundi kikatoweka dirishani. Tukamsikia huko nje ameegemea ukuta, anacheka kwa pumzi za kukatika. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa. Akapitisha nyundo na patasi katikati ya nondo. "Ng'oa sketing, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Kisha upasue ubao wa mwisho kabisa, ule wa ukutani."

Ubao uleule. Nikaupasua kwa mikono yangu mwenyewe, na sakafu ikashusha pumzi, ikalala chini kama mtu aliyelegeza mkanda. Mke wangu akatoka ameshika viatu mkononi, bila kwaheri.

Fundi alizing'oa zote. Akasaga nundu kwa mashine, akajaza mabonde kwa saruji laini inayojisawazisha yenyewe, akasubiri. Akabandika kipande cha plastiki juu ya zege siku nzima aone kama chini yake kutatoka jasho. Mara ya kwanza lilitoka, akasubiri tena. Mbao zikakaa chumbani wiki mbili. Nafasi ya milimita 12 akaiacha, sketing ikaifunika, hata huioni. Mwanangu alipojaribu gololi yake, ilikaa palepale alipoiweka, akaondoka amechukia.

Usiku wa kwanza nikanyanyuka. Kitandani kimya. Kabatini kimya. Nikatembea kama mfalme hadi mlangoni, nikakanyaga ubao wa mwisho.

Nyiii.

"Rudi," ikasema ile sauti.

Asubuhi nikampigia fundi kulalamika kwamba kuna ubao mmoja ameuruka. Akakaa kimya kidogo.

"Huo, bosi, niliagizwa niuache."