Namba ya fremu kwanza, spana baadaye

Kuna hoja mbili zinazogongana kila linapotajwa suala la kujitengenezea gari. Wa upande mmoja husema video zipo, spana zinauzwa, na fundi anaweka cha juu kwenye kila spea, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu abadilishe plagi. Wa upande mwingine hujibu kwamba magari ya sasa yamejaa sensa na kompyuta, na anayejifunzia kwenye simu huishia kupeleka gereji gari lenye ubovu mara mbili ya ule wa mwanzo. Wote wana hoja. Lakini wanabishania mikono ya nani ishike spana, ilhali kazi nyingi za nyumbani huharibika hata kabla boneti halijafunguliwa, kwa sababu mwenye gari hajui gari lake ni lipi hasa.

Chukua Corolla iliyotoka Japani miaka ya mwanzo ya 2000, gari ambalo bado limejaa barabarani kwetu. Yenye kodi (yaani msimbo wa modeli) NZE121 ina injini ya 1NZ-FE, cc 1,500. ZZE122 ina 1ZZ-FE ya cc 1,800. NZE124 ina injini ileile ya 1NZ-FE lakini inavuta magurudumu yote manne, na sehemu yake ya chini kwa nyuma imeundwa tofauti kabisa na ya NZE121. Ukiyatazama kwa nje ni gari moja. Anayefika dukani akaomba "shokapu za nyuma za Corolla" anamwachia muuzaji abahatishe, na kinachoonekana kuwa kosa la muuzaji ni kosa la swali.

Jibu limeandikwa kwenye kibati cha utambulisho, ambacho huwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Hapo kuna kodi ya modeli, namba ya fremu (namba ya utambulisho wa gari lenyewe), aina ya injini na aina ya giaboksi. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Yana kodi ya modeli, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Ndiyo maana tovuti nyingi za spea za Marekani huikataa namba hiyo, na mwenye gari hudhani kadi ya gari lake ina kasoro. Katalogi za mtandaoni kama Amayama na PartSouq huruhusu kutafuta kwa namba ya fremu, na humo unapata mchoro wa kila kifaa pamoja na namba yake.

Kwa Toyota, namba ya spea huwa na herufi au tarakimu kumi zilizogawanywa kwa kistari katikati. Tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa: 04465 ni pedi za breki za mbele, 17801 ni filta ya hewa, 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ya kushoto, 45046 ni tairodi endi, 16100 ni pampu ya maji. Tano za mwisho ndizo zinazotenganisha gari na gari. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni ileile, tofauti ni namba za mwisho tu", amekuambia kwamba si ileile, isipokuwa katalogi ionyeshe kwamba namba ya zamani imebadilishwa na mpya. Hilo hutokea mara nyingi, na katalogi huliandika wazi.

Ukiwa na namba hiyo, soko la spea la Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi ambayo wengi bado wanaiita Grogan, au Kisekka ya Kampala huwa soko tofauti na ulilolizoea. Unauliza bei ya kitu kimoja kwenye maduka matatu na unajua unalinganisha kitu kilekile. Hapa hoja ya kujitegemea ina nguvu kweli.

Hata hivyo, cha juu cha fundi kinahitaji kutazamwa kwa haki. Fundi anayenunua duka moja kila wiki anarudishiwa. Spea isipoingia, anaipeleka na kuchukua nyingine bila maneno. Mteja wa siku moja anayerudi na boksi lililofunguliwa na alama za grisi huambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kwa vifaa vya umeme kama koili au sensa karibu kila duka hushikilia hivyo. Zaidi ya hapo, fundi ameona pedi za chapa ipi zinapiga kelele baada ya mwezi na bushi zipi hazimalizi msimu wa mvua. Katalogi haina ujuzi huo. Ninachokipinga ni kuificha gharama hiyo ndani ya bei ya spea. Fundi akitaja ada ya kutafuta spea peke yake, wengi wangeilipa kwa moyo mmoja.

Upande wa maarifa, mtandao umejaa lakini umejaa magari ya wengine. Vitz inatafutwa kwa jina lake la nje ya Japani, Yaris, Demio kwa Mazda2, Fit kwa Jazz, Ist kwa Scion xA. Bila kujua majina hayo unapata nusu ya habari. Na Corolla ya Marekani ya 2003 hadi 2008 ilikuja na injini ya cc 1,800 na usukani kushoto, kwa hiyo video yake haimfai mwenye NZE121 anayefuatilia mabomba ya breki au raki ya usukani.

Kifaa cha kusoma kodi za hitilafu nacho kinaaminiwa kupita kiasi. Japani ilianza kulazimisha mfumo wa uchunguzi wa kisasa mwaka 2008. Gari la kabla ya hapo linaweza kuwa na soketi ileile ya uchunguzi yenye matundu 16, lakini kifaa cha bei rahisi kikashindwa kuzungumza nalo. Toyota nyingi za wakati huo hutoa kodi kwa kumwekesha taa ya injini, baada ya kuunganisha kwa waya tundu la 4 na la 13 na kufungua swichi bila kuwasha injini. Hesabu matundu mara mbili: la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na kosa hapo linaweza kuunguza fyuzi au kompyuta.

Hata kodi ikisomeka, haitaji spea. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Sababu inaweza kuwa mpira uliopasuka kati ya filta na injini, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, au pampu ya petroli iliyochoka. Wenye magari hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi ndiyo iliyotoa taarifa sahihi. Mafundi wengi nao hufanya vivyo hivyo, wanabadilisha vifaa hadi taa izime, kwa pesa ya mteja.

Kuhusu mtumba, msimamo wangu ni kwamba koili, alteneta au sensa halisi iliyotolewa kwenye gari la Japani mara nyingi ni bora kuliko mpya ya kuigiza. Pedi, mikanda, bushi na kitu chochote cha mpira au cha kusuguana nunua kipya, hata kama cha mtumba kinang'aa.

Mpaka wa kazi ya nyumbani ningeuweka kwa swali moja: ukikosea, utajua kabla gari halijaondoka? Oili ya 1NZ-FE ni lita 3.7 ikiwa na filta mpya, na bolti ya kumwagia inafungwa kwa soketi ya 14. Kosa kubwa hapo ni pete ya mpira ya filta ya zamani kubaki imeganda kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, oili inaruka dakika chache baada ya kuwasha. Washa, chungulia chini, zima, subiri dakika tano, pima. Plagi zifunguliwe injini ikiwa baridi, zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kwa Nm 18 hivi (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Silinda hedi ni ya aluminiamu, na uzi ukishakatika kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima.

Pedi za mbele ziko mpakani. Anayeweka gari kwenye stendi badala ya kulala chini ya jeki, anayefunga kalipa kwa waya isining'inie kwenye hozi, na anayeangalia oili ya breki isifurike anaporudisha pistoni, anaweza kuzifanya. Asisahau kupampu pedali hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata mita moja, kwa sababu mikanyago ya mwanzo haishiki. Nati za magurudumu ni Nm 103.

Hozi za breki, erbegi na giaboksi za CVT (otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia) zibaki kwa mwenye vifaa. CVT inategemea mafuta yake kuushikisha mkanda wa chuma kwenye makapi (puli) yake. Ukiweka mafuta ya giaboksi ya kawaida, gari linaondoka vizuri siku hiyo, mkanda unateleza polepole na kuyachuna makapi, na mlio unaanza wiki kadhaa baadaye, wakati ambapo kumwaga na kujaza upya hakurudishi kilichochunika.