Asilimia Kumi ya Kidogo

Kila mwezi wa sita Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma, sisi wa mitaani tunatega masikio kusikia bei ya mafuta na tozo mpya. Lakini fungu linalomgusa mfanyabiashara mdogo moja kwa moja limo kwenye bajeti ya halmashauri yake: asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba. Nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Tangu 2018 jambo hili limo ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, kwa hiyo si hisani ya mkurugenzi wala ya diwani.

Naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote. Anayejua mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba ya kukamua, unavyoitenda nyumba ya mtu atanielewa. Mama lishe anachukua laki mbili leo. Kesho, wali haujaiva, ameshafuatwa kibandani atoe rejesho. Mvua ikinyesha na wateja wasije, rejesho liko palepale. Akikwama linabebwa jiko la gesi, kisha godoro.

Ndiyo maana niliumia serikali iliposimamisha mikopo ya halmashauri Aprili 2023. Sababu ilikuwepo: ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilikuwa zimeonyesha vikundi hewa na fedha nyingi zisizorejeshwa. Lakini ulipita zaidi ya mwaka hadi mikopo ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na muda wote huo kausha damu walikuwa kazini.

Hata hivyo, kuna tatizo ninaloliona kubwa kuliko vikundi hewa, nalo halisemwi sana. Asilimia 10 ya nini? Halmashauri ya jiji yenye masoko, stendi, mahoteli na ushuru wa huduma kutoka kwa makampuni makubwa hutenga mabilioni. Ya kijijini inategemea ushuru wa mazao na mnada wa ng'ombe. Asilimia ni ileile, lakini kinachomfikia mwanamke wa huko ni kiduchu, na yeye ndiye mwenye shida zaidi. Mwenye nacho anaongezewa.

Tena vyanzo vyenyewe vimekuwa vikipunguzwa kutoka juu. Bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu ya kweli na sitaki ipandishwe tena. Ukusanyaji wa kodi ya majengo nao ulihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, na tangu 2021 tunakatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme. Kila uamuzi una hoja yake, lakini kapu linalokatwa ile asilimia 10 ndilo linaloguswa, na sijasikia serikali kuu ikieleza itafidia vipi mikopo ya vikundi.

Halafu kuna suala la msimu. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokifahamu kiliomba mkopo kinunue mpunga wakati wa mavuno, gunia likiwa bei ya chini, kiukoboe na kuuza mchele baadaye. Walitimiza kila walichoambiwa: katiba, akaunti ya benki, mihutasari yenye muhuri wa mtendaji, mchanganuo wa biashara. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alihangaika nao mpaka fomu zikakamilika. Jibu likawa wasubiri makusanyo, kwa sababu ushuru wa mazao hupatikana mazao yakishauzwa. Hela ilipoingia, mpunga ulikuwa kwenye maghala ya madalali na bei imepaa. Walipata magunia machache, faida ikawa ndogo, na ratiba ya marejesho haikusogea hata mwezi mmoja. Leo kwenye vitabu wanahesabiwa wadaiwa sugu.

Ninachoomba ni hiki: bajeti kuu iwe na fungu la kujazia mikopo kwenye halmashauri zenye makusanyo madogo, liingie Julai mwanzoni, mpunga ukiwa bado kwa mkulima. Marejesho yabaki kwenye halmashauri hiyohiyo yakopeshwe wengine. Serikali kuu tayari inapeleka ruzuku ya mishahara na ya miradi wilayani. Njia ya kupitisha fedha ipo. Na kwa wanaohofia vikundi hewa, orodha ya kila kikundi, kiasi kilichopewa na kilichorejesha ibandikwe ofisi ya kata na isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Kijijini watu wanajuana. Kikundi kisichokuwepo kitaulizwa siku hiyohiyo.

Wabunge wa majimbo ya vijijini ndio wa kulibeba hili, na walibebe mapema, kamati zinapochambua makadirio, maana hotuba ya Juni ikishasomwa fedha zinakuwa zimekwishapangiwa pa kwenda.