Ndiyo ya mtu anayesahau

Siku tatu mfululizo Henry Molaison alipewa penseli afuatishe mistari ya nyota, huku mkono wake akiuona kwenye kioo tu. Siku ya kwanza penseli ilimtoka nje ya mistari kila alipofika kwenye kona. Siku ya tatu alichora karibu bila kosa. Lakini kila siku aliona kama ndiyo kwanza anakaa mbele ya kioo hicho. Mkono ulishajifunza, mwenyewe hana habari.

Jaribio hilo la Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal, Kanada, lilibomoa dhana kwamba kumbukumbu ni ghala moja. Kujua kuendesha baiskeli ni kitu kimoja, kumkumbuka aliyekufundisha ni kingine, na ubongo hauviweki mahali pamoja.

Henry alikuwa kijana wa Connecticut, Marekani, mwenye kifafa kikali. Mwaka 1953, Henry akiwa na miaka 27, Dk. William Scoville alimwondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo linalosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua. Akili ilibaki, utoto wake aliukumbuka, ila tangu hapo karibu hakuna jambo jipya lililokaa kichwani. Alichunguzwa hadi uzeeni, vitabuni akiitwa H.M. tu.

Je, ilikuwa haki kumchunguza mtu asiyekumbuka alichokubali? Wanaoutetea utafiti huo wana hoja nzito. Mwaka 1957 Scoville na Milner waliyaweka matokeo hadharani na kuwaonya madaktari juu ya upasuaji wa pande zote mbili, na naamini onyo hilo liliwaepusha wengi. Leo mzee akisahau alichokula asubuhi huku akisimulia vizuri harusi yake ya ujanani, daktari anajua pa kutazama, kwani ugonjwa wa Alzheimer huanza kuharibu maeneo hayo hayo. Henry mwenyewe alisema zaidi ya mara moja kwamba angefurahi kuwasaidia wengine.

Hapo kwenye maneno yake ndipo ninapokwama. Ukimweleza mtu jaribio, akakubali, na baada ya dakika chache hakumbuki kama mliongea, umepata ruhusa ya kitu gani? Mwaka 1992 mahakama ilimteulia msimamizi, ambaye hakuwa ndugu wa karibu bali mtoto wa mama aliyewahi kumpa makazi. Wakosoaji, mmoja wao mjukuu wa Scoville mwenyewe, wamehoji kwa nini ndugu wa damu hawakutafutwa. Watetezi hujibu kwamba utaratibu wa sheria ulifuatwa. Sawa, ulifuatwa. Lakini Henry alikuwa mpole mno, na mtu mpole husema ndiyo kwa heshima. Aliyewahi kumuuguza mzazi mwenye maradhi ya kusahau anaijua ndiyo hiyo.

Kwangu faida ya utafiti haina ubishi. Ninachokataa ni kuugeuza upole wake kuwa ridhaa. Mtu wa namna hii aulizwe upya kila mara, jaribio lisimame akikunja uso, na anayemsemea asiwe na lolote la kupata kwenye matokeo.

Henry alifariki Desemba 2, 2008, akiwa na miaka 82. Mwaka uliofuata ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401 huko San Diego, kazi iliyochukua saa 53. Kibali cha hilo kilikuwa kimesainiwa tangu 1992, na yeye pamoja na msimamizi wake.