Mwacheni Asimame

Jumamosi nilimpokonya shangazi kikombe cha chai mbele ya wageni, na bado sijaomba radhi. Alikuwa akimnywesha mwanawe. Mwanamume wa miaka 27, mikono miwili mizima, ananyweshwa chai kwa sababu "ametoka kupandikizwa uboho India, mwacheni apumzike."

Apumzike mara ngapi? Wiki nne alikaa peke yake chumbani, dawa kali zikiwa zimeuteketeza uboho wake wa zamani, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, akisubiri wa dada yake ushike. Kutapika, vidonda mdomoni, kitanda. Kisha zikaja steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, ambazo hula misuli ya mapaja na nyonga kimyakimya. Amerudi Kisumu na damu mpya, lakini kiti cha plastiki kinamshinda: anakaza viganja magotini, anajisukuma, anarudi chini puu! Mara ya tatu ndipo aliposimama, na sebule nzima ikapiga kelele, "Keti, keti!"

Kule wadi, mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alikuja kila asubuhi. Alifungua faili kwanza, akaangalia chembe za kugandisha damu zimefika ngapi, ndipo akaamua kama leo ni kutembea au ni kukunja vifundo vya miguu tu kitandani. Hiyo ni tiba kama vidonge vilivyo tiba. Akampa na karatasi ya mazoezi ya nyumbani: simama, keti, bila kushika popote. Karatasi hiyo niliikuta nyumbani kwao mtaa wa Manyatta, chini ya sahani ya omena. Hospitali moja hapa mjini ilituambia fiziotherapia ni ya wenye kiharusi na waliovunjika miguu. Asanteni sana, wataalamu.

Na sisi wanakamati wa harambee tusijitie utakatifu. Tulichangisha tiketi, viza, nyumba ya kupanga, hata fulana zenye picha yake. Pesa za mazoezi hakuna aliyezitaja, na mweka hazina nilikuwa mimi.

Haya, siku ya homa alale. Chembe zikishuka na fizi zikitoka damu, alale. Ila wageni 40 sebuleni kwa mtu ambaye kinga yake bado changa, hilo nitaliandika siku nyingine.

Jana nilipita tena. Shangazi alikuwa mlangoni anachambua sukuma, amenuna, salamu yangu hakuijibu. Ndani, binamu anasimama, anaketi, nahesabu. Kwenye ya sita akaanza kutetemeka.

"Nyoosha mgongo, baba," ikatoka sauti mlangoni.